Maswali ya Wasomaji: Wiki ya Mvua na Baridi Pwani ya Seattle

Kuanzia Novemba hadi Februari barua za wasomaji wetu wa Kent, Tukwila, SeaTac na Tacoma hufanana: kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki, umeme umekatika. Wiki yenyewe nayo hujirudia karibu kila mwaka. Wingu hutua juu ya ghuba ya Puget Sound, mchana joto halivuki nyuzi 8, usiku huwa 3. Manyunyu huanza, hayana kishindo, ila hayaishi. Katikati ya wiki upepo wa Pasifiki huangusha misonobari juu ya nyaya. Kisha anga hufunguka, hewa kavu ya barafu hushuka kutoka Kanada kupitia bonde la mto Fraser, na maji yote yaliyotuama barabarani huwa kioo.

Aliyetoka Njombe au Goma anaijua baridi. Asichokijua ni baridi hii ya maji. Seattle hupata kama milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, haizidi Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba Dar hupigwa na masika kisha jua likaanika kila kitu, lakini Seattle huigawa mvua yake katika siku zaidi ya 150, nyingi zikifuatana, na mwishoni mwa Desemba jua huzama saa kumi na dakika 20 jioni. Hakuna siku ya kuanika. Humo ndimo yanamotoka karibu maswali yote ya safari hii.

Tunaishi watu sita kwenye vyumba viwili. Kila asubuhi madirisha yanatiririka maji, na nyuma ya kabati imeota koga nyeusi. Mume wangu anafungua madirisha, mimi nayafunga, maana nje kunanyesha na unyevu utaingia. Nani yuko sahihi?
*Mama Wanne, Kent*

Mumeo, mama, ingawa huenda anafungua kwa namna isiyofaa. Hofu yako ina mantiki ukiwa Mombasa, ambako hewa ya nje ni ya moto na imebeba maji mengi. Hapa ni kinyume chake. Hewa yenye nyuzi 5, hata ikiwa imeloa kabisa na mvua inanyesha, hubeba maji gramu 7 hivi katika kila mita moja ya ujazo. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 20 inakuwa na uwezo wa kubeba gramu 17. Kwa hiyo hewa ileile iliyokuwa imeshiba unyevu nje, ndani ya nyumba huwa na unyevu wa asilimia 40 tu, na hufyonza maji kwenye mapazia, magodoro na kuta. Ukifungua dirisha wakati wa mvua ya baridi, unaikausha nyumba.

Fungueni hivi: madirisha mawili ya pande mbili tofauti, wazi kabisa, kwa dakika 5 hadi 10, mara baada ya kuamka na tena baada ya kupika chakula cha jioni. Hita zizimwe kwa dakika hizo. Kisha fungeni na washeni. Dirisha lililoachwa wazi upenyo wa vidole viwili kutwa nzima halisaidii, kwani hupoza ukuta unaolizunguka, na ukuta uliopoa ndio unaotoa jasho. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Kona ya ukuta wa nje iliyofichwa nyuma ya kabati hufika hapo kirahisi, maana joto la chumba haliifikii. Ndiyo sababu koga imeota pale na haikuota katikati ya sebule.

Sasa maji yenyewe yanatoka wapi? Kwa watu sita, kwanza yanatoka kwenu. Mtu mmoja aliyelala usiku kucha hutoa kama robo lita kwa pumzi na jasho. Ndoo moja ya nguo zilizotoka kwenye mashine na kuanikwa ndani huacha karibu lita 2 hewani. Sufuria ya maharage iliyochemka wazi kwa saa mbili unusu huongeza lita moja au zaidi. Hatukuambii uache maharage. Yaloweke usiku, tumia presha kuka, au walau funika sufuria. Na uchunguze feni iliyo juu ya jiko: nyingi za kwenye nyumba za kupanga huchuja mafuta tu na kuurudisha mvuke jikoni. Kama hakuna bomba linalotoka nje, hiyo si feni ya kutoa mvuke.

Feni ya bafuni ipime kwa karatasi ya chooni, kipande kimoja. Ikiwa imewashwa na karatasi hainati kwenye wavu wake, imejaa vumbi au imekufa. Ikiwa nzima, iache izunguke dakika 20 hadi 30 baada ya mtu wa mwisho kuoga, mlango wa bafu ukiwa umefungwa. Nguo zianikwe mle mle bafuni, feni ikizunguka, kamwe si juu ya hita.

Kabati na makochi visogezwe sentimita 10 kutoka ukuta wa nje. Na magodoro: familia nyingi zinazoanza maisha hapa hulaza godoro moja kwa moja sakafuni. Joto la mwili hupenya godoro, hukutana na sakafu ya baridi, na upande wa chini huloa kila usiku. Baada ya wiki chache huwa mweusi na watoto wanaanza kukohoa. Weka chaga, hata za mbao za mitumba, zenye nafasi kati yake, na simamisha godoro ukutani asubuhi. Unga na mchele wa magunia nao usikae kwenye kabati la ukuta wa nje. Uhamishie kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana. Unga wa mahindi ulioshika koga haupepetwi wala hauanikwi ukaliwa, unatupwa.

Nunua kipima unyevu, ni dola 10 hadi 15. Kikisoma kati ya 40 na 50 mko salama. Kikivuka 60 siku mbili mfululizo, koga itarudi hata ukiisafisha vipi.

Kuhusu kuisafisha: eneo lisilozidi mita moja ya mraba mnaweza wenyewe. Vaa glavu na barakoa, fungua dirisha, sugua kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, futa, kisha kausha kabisa. Klorini ya kufulia, ile wengi tunayoiita jiki, inafaa kwenye vigae, lakini kwenye ukuta wa jasi hupausha rangi na kuacha mizizi ndani. Usiichanganye kamwe na siki wala na dawa ya vioo yenye amonia, gesi inayotoka huunguza mapafu. Na usipake rangi juu ya koga. Itatoboa.

Mwenye nyumba anasema koga inatokana na mapishi yetu. Tunaogopa kumsumbua. Tuna haki gani?
*Mpangaji, Tukwila*

Kwanza tazama umbo la doa, litakuambia. Koga ya mvuke huota kwenye kona, nyuma ya fanicha na kuzunguka vioo, na huwa imetawanyika kama vumbi. Maji yanayovuja huacha doa lenye ukingo wa kahawia, mara nyingi darini au chini ya dirisha, na doa hilo hukua baada ya kila mvua ya upepo. La kwanza mnaligawana, kwa sababu feni mbovu ni jukumu lake na sufuria wazi ni lenu. La pili ni lake lote.

Sheria ya wapangaji ya jimbo la Washington inampa mwenye nyumba muda wa kuanza matengenezo tangu apokee taarifa ya maandishi: saa 24 ikiwa hakuna joto, maji au umeme, au kuna hatari ya maisha, saa 72 ikiwa ni friji au jiko alilotoa yeye, au kifaa kikubwa cha maji alichokiweka, siku 10 kwa mengine yote. Simu na maneno ya mlangoni hayahesabiki. Andika anwani, namba ya nyumba, kasoro, tarehe ya leo, piga picha ukiwa na rula kando ya doa, na ubaki na nakala. Barua ya Kiingereza chepesi ya mistari mitano inatosha.

Jambo moja ambalo tumeona likiwaponza watu: usisimamishe kodi kwa hasira. Haki nyingi katika sheria hiyo ni za mpangaji asiyedaiwa, na kodi iliyozuiwa bila kufuata taratibu huwa sababu ya kukufukuza. Ukikwama piga 211, namba ya kuulizia misaada ya kijamii, uombe mkalimani wa Kiswahili.

Umeme ukikatika tunabaki saa nyingi gizani. Tuna seredani kwenye baraza ya ghorofani. Tukiuwasha mkaa nje, moshi ukaisha wote na ukabaki ukiwaka mwekundu, tunaweza kuuingiza ndani kupasha chumba cha watoto?
*Baba wa Watatu, SeaTac*

Hapana. Hata kwa dakika 10, hata dirisha likiwa wazi. Tafadhali msomee jibu hili kila aliyemo nyumbani.

Moshi ukiisha, sumu haijaisha. Inayoua ni gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi, harufu wala muwasho, na mkaa huitoa kwa wingi hasa ukishakolea na kuwa mwekundu bila moshi. Ikivutwa huingia kwenye damu na kung'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama kawaida, lakini haibebi kitu. Huanza kichwa kuuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wengi hudhani ni mafua. Dalili ya kuitambua ni kwamba watu wote nyumbani wanaumwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje.

Mtu atasema kwao walilala na jiko miaka yote. Hata kwetu mkaa umeua watu waliofunga mlango na kulala. Nyumba nyingi za kwetu zina upenyo kati ya ukuta na paa, gesi ikapata pa kutokea. Nyumba za hapa zimezibwa kila tundu ili joto lisipotee, na kinachozuia joto kutoka kinaizuia gesi pia.

Hili si jambo la kufikirika katika mji huu. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Desemba 2006 dhoruba ya upepo iliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni moja. Siku zilizofuata watu zaidi ya 200 wa eneo la Seattle walitibiwa kwa sumu ya gesi hii, na wengine walifariki. Wengi wao walikuwa wahamiaji, na mkaa uliowashwa ndani ulikuwa chanzo kikubwa. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa. Novemba 2024 dhoruba nyingine iliwaacha zaidi ya wateja nusu milioni gizani, wengine kwa siku kadhaa. Itatokea tena.

Onyo hilo hilo linahusu jenereta (mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, si gereji hata ikiwa wazi), jiko la gesi la kambini, oveni ya gesi iliyoachwa wazi ili ipashe jikoni, na gari linalonguruma ndani ya gereji. Na hiyo baraza yenu ya ghorofani, ikiwa ni ya mbao kama nyingi zilivyo, kanuni za moto haziruhusu kuwasha mkaa hapo. Shuka na seredani chini, pikia uwanjani mbali na madirisha, pandisha chakula, na majivu uyamwagie maji kabla hujayaacha.

King'ora cha gesi hii ni lazima kiwepo. Tangu 2013 sheria ya Washington inataka kiwepo katika nyumba za kupanga. Mwenye nyumba anakiweka, mpangaji anakitunza betri. Jifunzeni milio yake: minne, kimya, minne tena ni gesi, na hapo mnatoka nje wote bila kutafuta viatu, kisha mnapiga 911. Mitatu mitatu ni moto. Mlio mmoja mfupi kila nusu dakika au dakika ni betri, au kifaa kimezeeka. Nyuma yake kuna tarehe, na vingi haviishi zaidi ya miaka 7 hadi 10. Anayeking'oa kwa kero ya mlio huo anaondoa mlinzi pekee aliye macho usiku.

Basi joto litoke wapi? Upepo ukitangazwa tu, kabla umeme haujakatika, jazeni chupa za chai maji yaliyochemka, chajini simu, ogesheni watoto. Ukikatika, hamieni wote chumba kimoja, kidogo kuliko vyote na kisichopigwa na upepo. Tundikeni blanketi mlangoni na dirishani, ziba uwazi wa chini kwa kitenge kilichokunjwa. Laleni pamoja, godoro juu ya zulia au kadibodi. Maji ya zile chupa yatiwe kwenye chupa za kubana zilizovikwa soksi, na kuwekwa miguuni mwa watu wazima na watoto wakubwa, si kwa mchanga. Taa iwe ya betri. Mtu mzima mwenye afya na blanketi anavumilia chumba cha nyuzi 10. Mtoto mchanga na bibi mzee msingoje: wapelekeni mapema kwa ndugu mwenye umeme, au muulize 211 ni wapi pamefunguliwa pa kuotea joto.

Chakula: friji isiyofunguliwa hushika baridi saa 4. Friza iliyojaa saa 48, iliyo nusu saa 24. Nyama, maziwa na wali uliopikwa vikikaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2, tupa, usionje kwanza.

Asalaam aleikum. Mwanangu anatoka Tanga mapema Januari kwenda chuo Tacoma. Huku ananunuliwa koti kubwa la manyoya. Litamfaa? Na nguo nyingine afungashe zipi?
*Mzazi, Tanga*

Waalaikumu salaam, na shikamoo mzee wetu. Koti hilo lingemfaa Minnesota, kwenye baridi kavu. Tacoma litamwangusha. Manyoya ya bata hupasha kwa sababu yametuna na kushika hewa. Yakiloa hushikana kama uji na hewa yote hutoka, na kuyakausha bila mashine ni kazi ya siku mbili.

Anachohitaji ni kutoloa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo kijana aliyeloa kwenye nyuzi 6 yuko hatarini kuliko aliye mkavu kwenye nyuzi sifuri. Mpangie tabaka tatu. Ya kugusa ngozi iwe ya sufu laini au poliesta, mikono mirefu, vipande viwili au vitatu. Ya kati iwe sweta ya sufu au ile fulana ya manyoya ya bandia nyepesi. Ya juu iwe koti la mvua lenye kofia, linalofika chini ya makalio, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta. Pamba abaki nayo ya kuvaa akiwa nyumbani tu. Suruali ya jinzi ikiloa saa mbili asubuhi itakuwa mbichi hadi jioni, na ile sweta ya pamba yenye kofia ambayo vijana hawaivui ndiyo inayowatetemesha.

Koti zuri linapatikana kwenye mitumba kwa bei ya chini kuliko la dukani huko aendako. Kule Moshi soko la Memorial hupata makoti ya mlimani. Lipime kabla ya kulipa. Ligeuze ndani: kwenye kila mshono pawe na utepe mwembamba ulionata. Ukiwa umebanduka, maji yatapita kwenye tundu za sindano. Kwaruza bitana kwa ukucha. Ikipukutika kama ngozi iliyobabuka, koti limekufa. Mwisho mwagia kijiko cha maji begani: yakiviringika ni zuri, yakitanda bila kupenya linahitaji kufuliwa na kupakwa dawa, yakipenya lirudishe.

Viatu vya ngozi au vya mpira visivyopitisha maji, namba moja zaidi ili soksi nene iingie bila kubana, maana mguu uliobanwa haupati damu na hupoa. Jozi mbili za soksi za ziada, ndani ya mfuko wa plastiki, zikae kwenye begi kila siku. Kama ni binti anayejitanda, mtandio wa pamba utaloa na kukaa na maji shingoni kutwa nzima. Wa poliesta ya kufumwa au wa sufu nyepesi ni bora, na kofia ya koti ipite juu yake. Mwavuli si lazima, upepo huupindua.

Kanzu na kikoi afungashe. Havina uzito, na Ijumaa itakuwepo huko pia.

Mwanangu ana miezi minane. Nimvalishe nini asipate baridi kwenye gari?
*Mama Kijacho wa Pili, Burien*

Chochote, isipokuwa koti nene chini ya mikanda ya kiti chake. Koti hujaa hewa. Gari likigonga, hewa hutoka kwa mpigo, mkanda unabaki umelegea, na mtoto anachomoka. Jipime: mvalishe koti, mfunge, kisha mtoe bila kugusa mikanda, umvue koti na kumrudisha. Utaona uwazi mwenyewe. Mfunge akiwa na nguo nyepesi za tabaka mbili, mkanda ukibana kiasi kwamba huwezi kuufinya begani ukapata mkunjo, ndipo umfunike juu kwa blanketi au umvalishe koti lake kinyumenyume.

Mgongoni mwako kwenye kitenge anapata joto lako, kwa hiyo usimzidishie. Vaa koti pana juu yenu wote wawili, uso wake uwe nje, na umguse shingoni nyuma: pakiwa pa moto na majimaji, punguza. Mikono ya mtoto kuwa baridi si kipimo. Usiku kitandani pake hakuna blanketi huru, ni nguo ya kulalia ya mfuko tu.

Naendesha teksi usiku. Juzi simu ilionyesha 36, nikajua hakuna barafu, nikateleza darajani. Nilikosea wapi?
*Dereva, SeaTac*

Ndugu, 36 hizo ni za Farenhaiti, sawa na nyuzi 2 tu, na simu hupima hewa, si lami. Maji huganda kwenye 32 ya Farenhaiti. Usiku anga likiwa wazi baada ya mvua, lami hupoteza joto kuelekea juu na huweza kufika sifuri huku hewa ikiwa 36 au 37. Daraja hutangulia kwa sababu upepo hupita hata chini yake na hakuna ardhi ya kulipasha. Kwa hiyo simu ikisoma chini ya 40, na mvua imenyesha mchana, hesabu kila daraja kuwa lina barafu. Dalili yake ni lami inayong'aa kama imeloa huku matairi ya gari la mbele hayarushi maji.

Ukiwa juu yake usifunge breki wala usikate usukani. Toa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, elekeza huko. Acha sekunde 6 au zaidi kati yako na wa mbele.

Tairi zichunguze kwa sarafu ya senti 25: ingiza kichwa cha Rais Washington kilichochorwa hapo kwenye mfereji wa tairi, kikitazama chini. Ukiona utosi wake wote, mfereji una chini ya milimita 3. Sheria inakuruhusu hadi 1.6, lakini kwenye maji ya barabara kuu tairi hilo linaelea. Kioo kikishika mvuke ndani, washa joto pamoja na kiyoyozi, na uzime kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kiyoyozi ndicho kinachokamua unyevu. Mazulia yaliyoloa yatoe ukaushe nyumbani, la sivyo kila abiria atakuongezea ukungu. Usimwage maji ya moto kwenye kioo kilichoganda, kinapasuka.

Na bondeni Kent mto Green ukifurika juu ya barabara, geuza. Maji ya sentimita 15 hufika sakafu ya magari mengi, ya 30 hubeba gari dogo, na gizani huoni kama lami ipo bado chini yake.

Mwenye nyumba ametuma tangazo: usiku wa leo tuache bomba lidondoke. Si kupoteza maji?
*Jirani, Federal Way*

Ni maji kidogo kwa gharama ya kuokoa dari. Hatari huanza nje kukifika nyuzi 7 chini ya sifuri. Bomba halipasuliwi na barafu yenyewe pale ilipo. Barafu ikikua husukuma maji kuelekea koki iliyofungwa, shinikizo linapanda, na mpasuko hutokea mahali palipo dhaifu. Tone linalotoka huliachia shinikizo hilo njia. Fungua la moto na la baridi pia, hasa la jikoni lililo kwenye ukuta wa nje, yatoke kwa uzi mwembamba. Acha milango ya kabati chini ya sinki wazi, na joto la nyumba lisishuke chini ya nyuzi 13 hata mkisafiri. Mpira wa bustani uchomolewe, bomba la nje livikwe kofia yake au taulo na mfuko wa plastiki.

Bomba likishaganda, acha koki wazi na ulipashe bomba kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki na kurudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Si kwa moto. Na leo, kabla giza halijaingia, mwulize mwenye nyumba valvu kuu ya kufungia maji iko wapi, uende ukaiguse.